Daftari limejaa, makala haisogei

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Tabata, Dar es Salaam. Tangu masika iliyopita nimekuwa nikifuatilia mafuriko ya Bonde la Msimbazi. Nimezungumza na waliofurikiwa, nimepiga picha, nimesoma taarifa, daftari zima limejaa. Nimeandika makala ya kurasa sita, mhariri akanirudishia na maneno machache tu: "Haina mtiririko, na hoja zimedumaa." Shuleni tulifundishwa utangulizi, kiini na hitimisho, na vyote nimeviweka. Nirekebishe wapi? Na je, nianze na kisa cha bibi anayeishi mtaa wa Kigogo ambaye maji yalimkuta usingizini? Nimekuambatanishia makala yenyewe, pamoja na picha ya ukurasa wa daftari.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Makala nimeisoma yote, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba habari unazo. Wengi wanaoniuliza kuhusu mtiririko huwa hawana cha kupanga. Wewe unacho, tena kingi, na wingi huo ndio unaokuelemea.

Mhariri wako amesema mambo mawili, na inafaa uyatenganishe. Mtiririko unahusu kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Kudumaa ni pale hoja inapotajwa, kisha ikaachwa kabla haijafanya kazi yoyote. Kwako wewe yote mawili yana chanzo kimoja: hujaamua makala inasema nini. Ina mada, haina dai.

Mada yako ni "mafuriko ya Msimbazi". Juu ya mada hiyo mtu anaweza kuandika chochote: historia ya mto, malaria, bei ya viwanja, mwendokasi kusimama, taka, mipango miji. Kila kitu kinaruhusiwa kuingia, hakuna kinachokataliwa, na mwandishi asiyekuwa na cha kukataa hana namna ya kupanga. Dai ni sentensi nzima ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuipinga. "Mafuriko ni tatizo kubwa Dar es Salaam" haipingwi na yeyote, kwa hiyo hiyo bado ni mada iliyovaa kitenzi. Ila ukurasa wa nne, katikati ya aya inayozungumzia vyandarua, umeandika hivi kuhusu eneo la Jangwani, kule chini bondeni: "Maji yanayojaa Jangwani hayaanzii Jangwani." Hapo nilisimama. Hilo ndilo dai lako na umelizika. Litoe, ulinyooshe: mafuriko ya Jangwani hayawezi kumalizwa Jangwani, kwa sababu maji, mchanga na taka vinavyoyaleta vinatoka juu, kuanzia vilima vya Pugu, mto unakoanzia. Sentensi hiyo inaweza kupingwa. Mtu anaweza kusema tatizo ni daraja kuwa chini, au ni watu kujenga bondeni. Vizuri, sasa una kazi ya kufanya.

Kuhusu utangulizi, kiini na hitimisho: mgawanyo huo unamsaidia mtahiniwa asisahau kuingia na kutoka, nami sina ugomvi nao. Lakini kiini ni karibu makala nzima, na mgawanyo huo hausemi lolote juu ya kiini zaidi ya kwamba kikae katikati. Kazi yote ngumu ya kupanga imo humo ndani.

Fanya hivi. Chukua daftari, kata vipande vya karatasi, kila habari iandike kwenye kipande chake: maneno ya bibi wa Kigogo, picha ya kalavati lililoziba, sensa, ahadi ya diwani, bei ya chumba. Vitandaze mkekani. Kisha shika kimoja kimoja uulize: kipande hiki kinalifanyia nini dai langu? Kinalithibitisha? Kinaeleza linavyotokea? Kinalipinga? Kinamwonyesha msomaji kwa macho yake? Kisichojibu swali lolote kiweke kando hata kama ulikipata kwa jasho. Vyandarua vitaondoka. Malaria ni jambo zito, lakini halisemi maji yametoka wapi.

Angalia usivipange vipande kwa namna ulivyovipata. Huo ndio mpangilio wa makala yako ya sasa: ulianzia Jangwani kwa sababu ndiko ulikoshukia kwanza, ukamkuta fundi baiskeli, akakuelekeza kwa mjumbe, mjumbe akakupeleka Kigogo. Kwako safari hiyo ina mantiki kwa sababu uliitembea. Msomaji hakuwa nawe. Anachoona ni watu wanaotokea na kupotea.

Mpangilio wenyewe una namna nyingi, na jambo ambalo vitabu vya shule hupita haraka ni kwamba kila namna inasema kitu chake, hata usipokiandika. Chukua habari zako zilezile. Ukizipanga kwa wakati, utaanza na Desemba 2011, mafuriko yaliyoua watu jijini na kufanya serikali iwahamishie baadhi ya waathirika Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Utapitia mvua za miaka iliyofuata, Barabara ya Morogoro ikifungwa pale Jangwani, na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016 yakikatisha safari. Utafika 2022, Benki ya Dunia ilipoidhinisha fedha za mradi wa kuliendeleza bonde. Msomaji wa makala hiyo atatoka na wazo kwamba tatizo ni la muda mrefu na hatua zimechelewa. Huenda ni kweli, lakini siyo dai lako.

Ukizipanga kwa tatizo na suluhisho, msomaji atakaa akisubiri suluhisho, na nusu ya pili ya makala itabidi iwe mapendekezo yenye uzito. Wewe si mhandisi wa mito. Mapendekezo uliyoyaweka ukurasa wa mwisho ("elimu itolewe, sheria zisimamiwe") ni ya kujaza nafasi tu. Usichague mpangilio unaokudai usichonacho.

Ukizipanga kwa mahali, utaufuata mto. Na hapa, mwanangu, ndipo ningekushauri ukae, kwa sababu dai lako lenyewe ni la mahali: linasema chanzo kiko juu na maumivu yako chini. Anza Pugu, ambako ardhi iliyoachwa wazi baada ya miti kukatwa inatoa udongo kila mvua inaponyesha. Shuka na mto hadi Vingunguti na Tabata kwako, nyumba zimebanana mpaka ukingoni, wachimba mchanga wanabomoa kingo, taka zinaingia. Pita Kigogo. Fika Jangwani, bonde linatanuka na kuwa tambarare, maji yanapunguza mwendo na kuuachia mchanga utue. Malizia Daraja la Selander, mto unapoingia baharini, ambako bahari ikiwa imejaa wakati wa bamvua maji ya mvua hayapati njia ya kutoka upesi. Kila kituo kinaongeza sababu juu ya sababu, na msomaji akifika Jangwani tayari amebeba mzigo wote alioubeba mto. Hutahitaji kumwambia kwamba chanzo kiko juu. Atakuwa ametoka huko.

Mpangilio mkuu uwe mmoja, lakini ndani ya sehemu moja unaweza kutumia mwingine. Ukifika Jangwani unaruhusiwa kabisa kusimama na kusimulia kwa wakati, kuanzia 2011 hadi leo, kisha uendelee na mto. Kinachomchosha msomaji ni tarehe kutawanyika: 2011 ukurasa wa kwanza, 2022 ukurasa wa pili, kisha 2011 tena ukurasa wa tano. Zikusanye mahali pamoja.

Kuna pia kupanga kwa uzito, na hapo watu hubishana kama hoja nzito ije mwanzo au mwisho. Katika hotuba nitaiweka mwisho, maana wasikilizaji wameketi na hawaondoki. Katika maandishi yanayosomwa kwenye simu ndani ya daladala, siwezi kumdai msomaji uvumilivu huo, kwa hiyo dai litokee mapema, aya ya pili au ya tatu. Waandishi wa habari wana piramidi iliyopinduliwa: muhimu zaidi juu, ya ziada chini, ili mhariri akikata kutoka chini asiharibu. Hiyo inafaa kwa taarifa ya mafuriko ya jana. Makala yako inajenga hoja hatua kwa hatua, na ukiipinda iwe piramidi utapoteza safari ya mto.

Kipimo cha kujua kama mpangilio upo ni rahisi. Chukua aya mbili zinazofuatana uzibadilishe nafasi. Kama hakuna kilichovunjika, hazikuwa zimepangwa, zilikuwa zimekaa tu karibu. Kwako aya za ukurasa wa pili na wa tatu zinaanza hivi: "Pia...", "Vilevile...", "Aidha...", "Pamoja na hayo..." Unaweza kuzichanganya utakavyo. Maneno hayo hayana kosa, lakini yakifuatana hivyo yanakiri kwamba mwandishi anarundika. Kiungo chenye nguvu zaidi ni jambo lenyewe: aya ikiishia na mchanga, inayofuata ianze na "Mchanga huo...", kisha iupeleke mahali papya. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa kuwa ngeli zinashika mkono wa nomino iliyopita. Ukisema "huo" msomaji anajua ni mchanga, ukisema "hao" anajua ni wakazi. Lakini tunautupa msaada huo kila tunapoandika "hali hii", "suala hili", "changamoto hizi". Hali ipi? Katika makala yako nimekuta "hali hii" inasimama badala ya taka, badala ya mvua, badala ya umaskini, na mahali pengine sikuweza kujua inasimama badala ya nini. Kila ukiiona, iondoe uweke jina la kitu. Utashangaa ni mara ngapi jina halipatikani, na hapo utakuwa umegundua wazo ambalo hukulimaliza kulifikiri.

Nije kwenye kudumaa. Hii hapa aya yako:

"Taka pia ni tatizo kubwa. Watu wanatupa taka ovyo mtoni. Hali hii inasababisha mafuriko. Elimu inahitajika ili wananchi wabadilike."

Sentensi nne, na hakuna hata moja inayokwenda mbele kwa sababu ya iliyotangulia. Hoja imetangazwa, ikalaumiwa, ikapewa dawa, yote bila kuonekana ikitokea. Kukuza hoja ni kuiuliza maswali ambayo msomaji mkaidi angeyauliza: kivipi? Kwa nini hapo na si kwingine? Nini kinafuata? Nani anaumia? Nimejaribu kuiandika upya kwa kutumia yale yale uliyoyaona na kuyaandika daftarini:

"Taka zinazotupwa mtoni Vingunguti hazibaki Vingunguti. Mvua ikinyesha, chupa, mifuko na matawi husukumwa hadi kwenye makalavati na nguzo za madaraja, na hapo hunasa. Maji yanayokwama nyuma yake hupoteza kasi, na yakipoteza kasi huuacha mchanga yaliokuwa yameubeba utue chini. Masika inayofuata mto una kina kidogo kuliko ulivyokuwa, kwa hiyo mvua ileile ambayo zamani ingepita chini ya daraja sasa inapanda barabarani. Mkazi wa Jangwani anaweza kufagia mlango wake kila asubuhi na bado akafurikiwa kwa sababu ya mfuko uliotupwa mbali kabisa, juu ya mto."

Sentensi ya kwanza inatoa wazo la aya, na inalitoa kwa namna inayolihusisha na dai kuu. Ya pili inajibu kivipi. Ya tatu inachukua pale ya pili ilipoishia. Ya nne inaonyesha matokeo yakilimbikizana mwaka hadi mwaka. Ya tano inamleta mtu. Sijaongeza takwimu, sijasema "wataalamu wanasema", wala sijatumia neno gumu. Nimefuata chupa ya plastiki tu mpaka ilipofika. Aya imekuwa ndefu kwa sababu jambo lenyewe lina urefu huo. Kurefusha kwa kurudia, au kwa kuvuta sifa ("tatizo kubwa, sugu na la kutisha"), hakukuzi chochote.

Mashairi yetu ya kimapokeo yana jambo la kutufunza kuhusu aya. Mtunzi anatakiwa ahakikishe ubeti unajitosheleza: hata ukiwa wa saba kati ya kumi, ukiunukuu peke yake uwe na maana kamili, na mishororo yake yote ivute upande mmoja. Pima aya zako hivyo. Isome moja, funika zilizobaki, ujiulize kama mtu angejua inahusu nini. Ila kibwagizo kiache huko huko kwenye ushairi. Sikio linapenda mshororo unaorudi kila ubeti. Katika makala, kumaliza kila aya kwa "hivyo mafuriko yanahitaji kuangaliwa kwa jicho la pekee" kunamrudisha msomaji pale pale alipoanzia.

Takwimu nazo zinahitaji kukuzwa. Umeandika kwamba kwa sensa ya 2022 Dar es Salaam ina watu 5,383,728, kisha ukahamia jambo jingine. Nambari ikiwa peke yake haisemi kitu. Iwekee jirani: sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541. Sasa msomaji anaona zaidi ya watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na swali linazuka lenyewe: wamekwenda kuishi wapi? Hapo ndipo bonde linapoingia, kwa sababu aliye na kipato kidogo na kazi yake iko Kariakoo anatafuta chumba anachoweza kukilipia na kutoka kwake kwenda kazini kwa miguu. Nambari imezaa swali, swali limezaa aya inayofuata. Hivyo ndivyo mawazo yanavyotembea.

Na aya hiyo inayofuata ndiyo iliyokosekana kabisa katika makala yako, nayo naiona ya lazima. Umewaita wakazi wa bondeni "wakaidi" kwa kuwa waliambiwa wahame na wengine wakabaki au wakarudi. Lakini daftarini mwako, kwenye ule ukurasa ulionitumia picha yake, yupo mama muuza chakula anayekueleza kwamba wateja wake wako Jangwani na kwamba huko mbali hajui angemuuzia nani. Umemwacha nje ya makala kwa sababu maneno yake yanakusumbua. Mrudishe. Hoja inayokupinga iweke baada ya ushahidi wako mkuu na kabla ya kumaliza, uieleze kwa nguvu zake zote, kama ambavyo yeye mwenyewe angeieleza, ndipo uijibu. Na kwa kweli ukimsikiliza vizuri, hakupingi sana. Anasema watu wako bondeni kwa sababu zinazoeleweka. Wewe unasema maji yanayowakuta humo yametengenezwa kwingine. Mambo hayo mawili yakikaa pamoja, dai lako linapata nguvu, kwa maana halimlaumu tena anayefurikiwa.

Sasa bibi wa Kigogo. Kisa chake kinagusa, na nakuelewa unavyotamani kukiweka mlangoni. Ningekuzuia kwa sababu moja. Ukianza naye, makala itaahidi kwamba inamhusu yeye, kisha utamwacha uende Pugu, na msomaji atakuwa anauliza yuko wapi. Mahali pake ni pale mto unapofika Kigogo. Hapo msomaji ameshaona udongo wa juu, kingo zilizobomolewa, taka zilizonasa. Usiku ule maji yanapoingia chumbani kwa bibi, anajua ni maji gani hayo. Kisa hakitahitaji maneno ya huzuni. Mahojiano yake usiyamwage yote. Chagua maneno yake mawili matatu yaliyo hai, mengine uyaeleze kwa ufupi. Na jina lake usiliandike bila ruhusa yake.

Utangulizi uandike mwisho, ukishajua unaelekeza wapi. Ule wa sasa unaoanza na maana ya neno mafuriko uufute wote. Msomaji wa Dar hahitaji kuelezwa mafuriko ni nini. Anza na mvua inayonyesha Pugu wakati Jangwani kukavu. Jambo hilo hutokea, linamshangaza asiyelijua, na linabeba dai lako lote kwa picha moja. Hitimisho liwe fupi. Makala ikishafika baharini na hoja ya yule mama ikishajibiwa, imekwisha.

Kwa hesabu yangu utabaki na kurasa nne au pungufu, na vipande vingi vitakuwa vimebaki mkekani. Vile vya Mabwepande vihifadhi bahasha ya peke yake. Umeandika aya nzuri mbili kuhusu familia zilizopelekwa huko baada ya 2011, na nakuomba uzitoe kwa sababu zinajibu swali jingine: mtu akihamishwa kutoka bondeni, anahama na nini na anaacha nini? Hiyo ni makala kamili, lakini dai lake bado huna. Nenda ukakae nao siku nzima, uwaulize nani bado yuko, nani aliuza kiwanja na kwa nini, watoto walisoma wapi mwaka ule wa kwanza, na wanaofanya kazi mjini wanaamka saa ngapi.